Mabango langoni: uchambuzi wa kisa cha kituo kimoja cha kura Nakuru

Kisa hiki kilitokea Nakuru, siku ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022, katika shule ya msingi ya umma. Nilikuwa naibu wa msimamizi wa kituo katika kimojawapo cha vyumba vinne. Nimeondoa jina la shule, la mtaa, la wagombea na vyama vyao, na nimebadilisha mambo mawili matatu kuhusu watu ili wasitambulike. Saa na mfuatano wa matukio nimeuacha kama nilivyouandika kwenye daftari langu usiku ule, kabla usingizi haujanipitia.

Nimeandika uchambuzi huu kwa ajili ya wenzangu watakaosimamia vituo tarehe 10 Agosti 2027. Kwenye mafunzo tunatumia siku nzima kwa fomu na mitambo ya KIEMS, ile ya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo. Mabango tunayapitia kwa sentensi moja, kisha tunaenda chai.

Usuli

Chumba kimoja cha kura hakipaswi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Shule yetu ilikuwa na zaidi ya 2,000, kwa hiyo ikagawanywa vyumba vinne kwa herufi za majina. Kila chumba kilikuwa na msimamizi wake, naibu, makarani, afisa wa polisi na mawakala wa wagombea. Lango lilikuwa moja. Ukuta wa mawe ulioshikana na lango hilo unatazama barabara ya murram yenye stendi ya bodaboda na maduka matatu.

Kampeni zilifungwa Jumamosi tarehe 6 Agosti, saa 12 jioni. Kuanzia hapo magari ya vipaza sauti yalinyamaza, lakini karatasi zilizobandikwa hazikuondoka na mtu. Kila nguzo ya stima na kila ukuta wa Nakuru ulikuwa na sura za watu, maana siku hiyo tulikuwa tunachagua viongozi wa ngazi 6: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Zidisha ngazi hizo kwa idadi ya wagombea utaelewa ukuta wetu ulikuwaje.

Kuna mambo mawili ya sheria ambayo ni lazima yashikwe pamoja. Siku ya kura, kampeni hairuhusiwi kituoni, iwe kwa mdomo au kwa alama ya chama. Lakini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, zilizo kwenye jedwali la pili la Sheria ya Uchaguzi ya 2011, zinamkataza pia mfuasi wa mgombea kung'oa au kuharibu vifaa vya kampeni vya mpinzani wake. Maana yake ni kwamba bango la langoni halipaswi kuwepo, na jirani aliyekerwa nalo hana ruhusa ya kulichana. Vurugu yetu ilitoka katikati ya mambo hayo mawili.

Yaliyotokea

Tulifika na vifaa Jumatatu saa 10 na nusu jioni. Nilihesabu mabango 11 kwenye ukuta, pande zote mbili za lango. Msimamizi wangu, mwalimu mwenye uzoefu wa chaguzi mbili, aliyatazama akasema, "Hayo tutayashughulikia asubuhi, kukiwa na mwangaza." Nikamwitikia, "Sawa, mwalimu." Tulikuwa na masanduku ya kupanga na vibanda vya kukunjua, na tulikuwa tumechoka. Wasimamizi wa vyumba vingine watatu nao walipita pale pale, wakayaona, kila mmoja akaingia chumbani kwake.

Usiku walikuja wabandikaji wengine. Saa 11 na dakika 10 alfajiri mlinzi wa shule alinigongea: mabango yamekuwa zaidi ya 30, gundi ya unga bado mbichi, na moja limebandikwa juu ya tangazo letu la kuonyesha herufi za majina na namba za vyumba. Nje kulikuwa na foleni ya watu kama 150, wamejikunyata kwa baridi ya Agosti.

Saa 11 na dakika 40 wakala mmoja alianza kuchana. Alichana mawili ya mpinzani wake, akaruka la mgombea wake mwenyewe, akashika la tatu. Vijana watatu walitoka kwenye foleni wakamshika mkono. Sauti zikapanda, watu wakaanza kusukumana, mama mmoja akaangukia ukutani. Maafisa wa polisi wote wanne walikuwa ndani, wakilinda masanduku vyumbani. Msimamizi wangu alikwenda langoni mwenyewe, akalifunga, akaita mawakala wote uani.

Kilichofuata kilichukua muda kuliko nilivyodhani. Mlinzi aliwasha jiko, akachemsha maji, akaja na ndoo na brashi ya waya. Bango la gundi mbichi hutoka vizuri ukilimwagia maji ya moto, lakini yale 11 ya zamani yalikuwa yameshika mawe. Lango lilifunguliwa saa 12 na dakika 25.

Saa 3 na dakika 40 asubuhi mvua ilianza. Ndipo miavuli ilipofunguka: mikubwa, ya rangi za vyama, yenye majina na sura za watu. Uwanja wa shule ukageuka mkutano wa kampeni uliokosa msemaji tu. Afisa mmoja, kijana wa watu, alitoka akapiga kelele kwamba miavuli yote ikunjwe. Wenye watoto mgongoni wakaanza kulowa.

Katika fujo hiyo hiyo afisa huyo alimwona nyanya mmoja, nadhani wa miaka sabini na kitu, amejifunika leso mabegani. Leso ilikuwa ya kampeni. Akamwambia, "Toa hiyo leso ama urudi nyumbani." Nyanya akamtazama, akaitazama leso, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ndiyo niliyo nayo." Kisha akageuka akatoka. Mimi nilikuwa varandani, hatua kama kumi na tano, nimeshika orodha. Nilisikia kila neno. Nikajiambia atarudi.

Nusu saa baadaye mwanaume mwenye kofia ya chama aliingia, afisa mwingine akamwambia aigeuze ndani nje, akaigeuza, akapiga kura, akaenda zake.

Mchana yalibaki matatizo mawili. Bodaboda walikuwa wanaleta wazee hadi mlangoni wakiwa wamevaa jaketi za kuakisi mwanga zenye jina la mgombea mgongoni. Ng'ambo ya barabara, duka moja lilikuwa limepakwa ukuta mzima rangi ya chama, na uso wa mgombea mkubwa kama mlango.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Jumatatu jioni, nao ulikuwa wa kutofanya kitu. Sababu tuliyojipa ni mwangaza. Sababu ya kweli ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa amepewa chumba, na hakuna aliyepewa lango.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa msimamizi wangu alipofunga lango alfajiri. Alikuwa na njia tatu. Angeweza kumwacha wakala amalize kuchana, na saa 12 kamili ingetukuta tumefungua. Lakini hapo tungekuwa tumemruhusu mtu wa mgombea mmoja kung'oa karatasi za mwingine mbele ya wapiga kura 150. Angeweza kuyaacha mabango mpaka foleni ipungue. Lakini foleni ya Agosti haipungui kabla ya saa 5. Alichagua ya tatu: hakuna mtu wa chama atakayegusa karatasi yoyote, hata ya kwake. Mlinzi wa shule aliondoa yote, ya kila mgombea, mbele ya afisa wa polisi na mawakala waliokubali kushuhudia. Zilihesabiwa kwa sauti, zikatiwa kwenye gunia, gunia likafungwa kamba, na msimamizi akaandika kwenye shajara ya kituo: saa, idadi, waliokuwepo. Wakala aliyechana yale mawili alionywa na jina lake likaandikwa. Msimamizi aliniambia baadaye, "Nilitaka kila mtu pale aone karatasi ya mtu wake ikitoka kwa mkono ule ule."

Uamuzi wa tatu ulihusu dakika 25 tulizopoteza. Msimamizi wangu alitaka tufunge saa 11 na dakika 25 jioni badala ya saa 11. Mwenzake wa chumba cha pili alikataa: chumba chake kilikuwa tayari saa 12 kamili, makarani wamekaa, mtambo umewashwa, kwa hiyo yeye hakuchelewa. Jibu lilikuwa kwamba mpiga kura wake alikuwa nje ya lango lililofungwa, na mtambo uliowashwa haumsaidii mtu aliye barabarani. Walipigia simu msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge, naye akaagiza vyumba vyote vinne viongeze muda ule ule.

Kuhusu mvua, tuliamua kuhamisha foleni badala ya kupigana na miavuli. Tulizikunja foleni zipite varandani na ndani ya ukumbi wa chakula, wazee na wenye watoto wachanga wakatangulia. Penye paa hakuna anayeshika mwavuli. Uamuzi huo ulikuja saa 4 na robo, dakika 35 baada ya mvua kuanza. Wakati huo huo tulikubaliana, wasimamizi wanne na maafisa wote, neno moja la kusema kuhusu mavazi: geuza, funika, au kunja uweke mfukoni. Hakuna anayetolewa kwenye foleni kwa sababu ya nguo. Karani mmoja alikuwa na leso mbili zisizo na maandishi, tukazitundika mlangoni za kuazima.

Bodaboda tuliwaomba washushie abiria kwenye kona ya kanisa. Hatukuwaambia wavue. Jaketi ya kuakisi mwanga ni takwa la sheria za barabarani kwa mwendeshaji, na mwanasiasa aliyeichapa jina lake alilijua hilo vizuri.

Mwenye duka tulimwendea mimi na mzee wa mtaa. Alitupokea kwa heshima, akatuambia ukuta ni wake, rangi aliletewa bure, na hana turubai la kuufunika. Hatukumlazimisha. Tulifungua lango dogo la nyuma, kwenye bustani ya mboga ya shule, tukaelekeza foleni huko. Watu wakasimama wameutazama uwanja na vyumba, duka likawa mgongoni kwao.

Matokeo

Hakuna aliyekamatwa. Mama aliyeangukia ukutani alichubuka kiwiko, akapiga kura. Kati ya saa 11 na saa 11 na dakika 25 jioni walifika watu 9 ambao wasingeingia kama tungefunga saa ya kawaida. Mmoja alikuwa muuguzi aliyetoka zamu. Mawakala wote chumbani kwetu walitia sahihi fomu ya matokeo, akiwemo yule wa alfajiri, na hakuna aliyeandika pingamizi kuhusu mabango. Gunia lilikabidhiwa pamoja na maelezo yake.

Nyanya hakurudi. Saa 7 mchana nilimwomba mzee wa mtaa amtafute, nikamwambia tuna leso ya kumwazima na hatasimama foleni. Alirudi saa 9 alasiri: nyanya alikuwa amepanda matatu kwenda kwa bintiye nje ya mji. Kati ya yote yaliyoharibika siku ile, hili ndilo ambalo halikurekebishika.

Uchambuzi

Nianze na hilo la nyanya, kwa sababu ndilo zito.

Makatazo ya alama za kampeni kituoni yapo kumlinda mpiga kura. Ibara ya 81 ya Katiba inataka uchaguzi usio na vitisho wala ushawishi usiofaa. Tulichukua kinga hiyo tukamfukuzia yule yule aliyekusudiwa kukingwa nayo. Leso aliyovaa hakuivaa kumshawishi mtu. Aliivaa kwa baridi, na ni leso ambazo wagombea wenyewe wamezigawa mpaka kwa wengi hazina mbadala nyumbani. Ukiweka kwenye mizani, upande mmoja kuna uwezekano mdogo kwamba jirani yake kwenye foleni angebadili nia kwa kuona leso. Upande wa pili kuna haki ya ibara ya 38 ambayo mtu huitumia mara moja kwa miaka mitano. Afisa alikosea. Lakini afisa alikuwa kijana aliyeambiwa "hakuna vitu vya kampeni" na hakuambiwa afanye nini akivikuta mwilini mwa mtu. Mimi nilijua, na nilikuwa hatua kumi na tano. Kosa langu ni kubwa kuliko lake.

Marekani wameshindana juu ya jambo hili hili mahakamani, na yafaa kuliangalia. Kule kila jimbo hujichorea mstari wake. Tennessee ilikataza mabango na uombaji kura ndani ya futi 100 za mlango wa kituo, yaani kama mita 30, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Burson dhidi ya Freeman, ikaikubali sheria hiyo: haki ya mtu kupiga kura bila kubughudhiwa ilitosha kuubana kidogo uhuru wa kusema. Lakini mwaka 2018, katika kesi ya Minnesota Voters Alliance dhidi ya Mansky, mahakama hiyo hiyo ilifuta katazo la Minnesota la nguo na beji za "kisiasa" ndani ya kituo. Majaji hawakusema kituo hakiwezi kuzuia nguo za kampeni. Walisema neno "kisiasa" lilikuwa pana mno, na afisa wa mlangoni aliachwa akisie mwenyewe lipi linaingia na lipi haliingii. Niliposoma habari ya kesi hiyo nilikumbuka leso iliyofukuzwa na kofia iliyogeuzwa, kwenye lango moja, ndani ya nusu saa. Sheria yetu si yao, lakini afisa anayekisia ni yule yule.

Kuhusu mabango ya ukutani, nasimama na msimamizi wangu, hata kwa gharama ya dakika 25. Nimesikia wenzangu wakisema angeyaacha tu, kwamba karatasi haijawahi kumpigia mtu kura. Wanasahau kwamba wakati ule tatizo halikuwa tena karatasi. Lilikuwa mkono uliozichana. Mabango yangebaki, kila chama kingetuma vijana wake wachane ya wengine, na sisi tungekuwa na ugomvi wa langoni hadi adhuhuri. Kuondoa yote kwa mkono usio na chama, kwa kuhesabu, mbele ya macho ya wote, ndiko kulikozima moto. Na kule kuandika kwenye shajara kulifanya kazi jioni: wakala mmoja alipoanza kudai kwamba ya kwake yaling'olewa na ya wengine yakaachwa, alisomewa mistari minne, akanyamaza.

Lakini dakika hizo 25 zisingepotea kama Jumatatu jioni tungesimama langoni robo saa. Mabango 11 ya ukutani yalikuwa mwaliko: mbandikaji wa usiku akikuta ukuta una karatasi, anajua hakuna mwenyewe. Hapa ndipo muundo wa vyumba unapotuumiza. Shule yenye vyumba vinne ina wasimamizi wanne na uwanja usio na bwana. Tangu mwaka ule, kila ninapofundisha, nawataka wasimamizi wa shule moja wakutane kabla hawajafungua sanduku hata moja na wachague kwa sauti nani ana lango na ukuta wake hadi asubuhi, na afisa yupi atalala akiliangalia. Wengine hunijibu kwamba hilo halimo kwenye kitabu cha mafunzo. Basi na liwe nje ya kitabu, mradi lifanyike.

Kuhamisha foleni ni jambo ambalo tungelifanya mapema zaidi. Tulilifanya mara mbili, mara ya kwanza kwa mvua, mara ya pili kwa ule ukuta wa duka, na mara zote mbili lilimaliza mgogoro bila kumgusa mtu. Jumatatu jioni ningetembea mwenyewe njia yote atakayopita mpiga kura, kutoka barabarani hadi kwenye kibanda, nisimame kila hatua ishirini na kuuliza macho yangu yanaona nini. Ningeuona ukuta wa duka. Ningeliona lango la bustani.

Ukuta wenyewe bado unanisumbua. Mama mwenye duka ana haki ya mali yake, na rangi si karatasi ya kumwagia maji ya moto saa 11 alfajiri. Kuligeuzia duka mgongo kuliwezekana kwa sababu shule yetu ilikuwa na mlango wa nyuma. Najua vituo vya Nakuru mjini ambavyo vina mlango mmoja tu, unaotazama maduka ana kwa ana. Kwa hivyo, mazungumzo na mwenye ukuta yafanywe wiki mbili kabla, na mzee wa mtaa anayemfahamu kwa jina, wakati bado kuna muda wa kutafuta turubai. Kwetu tulimwendea saa 6 mchana wa siku ya kura, mikono mitupu.